Karatasi isiyo na kichwa

Mkutano umeitwa saa tatu asubuhi. Kufika saa nne na nusu ndipo kipaza sauti kinapokubali kusema. Viti vya mbele vimekaliwa na watu wa afisi, wazee wamejipanga ukutani, akina mama wako nyuma karibu na mlango ili wawahi kurudi mekoni. Dua bado haijaombwa na karatasi imeshaanza kupita mkono kwa mkono. Jina. Nambari ya kitambulisho. Simu. Sahihi.

Juu, pale pa kuandika mkutano huu ni wa nini, hapana kitu.

Watu wanatia sahihi.

Karatasi hiyo imenikaa kichwani majuma kadhaa sasa, na si kwa ajabu yake. Ni ya kawaida mno. Mkutano ukishavunjika, chai ikishanywewa, itakayobaki ndani ya faili ni hiyo. Alilosema mzee kuhusu mfereji wa mtaa wa Langoni halimo. Alilouliza mama kuhusu bomba lililokauka halimo. Yamo majina tu, na majina yakihesabiwa yanageuka kuwa sentensi moja ya ripoti: wananchi walishirikishwa.

Ndipo likaja swali ambalo limekataa kutoka. Kama kila mtaa wa Amu, yaani mji wa Lamu hapa Kenya, ungekuwa na baraza lake la ushauri, ingebadilika nini hasa? Baraza la ushauri haliamui. Halina mkoba. Gavana hafungwi nalo, wala bunge la kaunti. Litakosaje kuwa kikao kingine cha maneno katika mji ambao haujawahi kupungukiwa na vikao vya maneno?

## Baraza la mawe

Kwetu baraza ni jiwe kabla halijawa mkutano. Ni ile benchi iliyojengwa nje ya mlango, kwenye daka, ambapo watu hukaa baada ya Alasiri wakazungumza bei ya samaki, harusi na siasa. Habari ya mtaa yote iko pale: nani kapasua bomba, taka za nani zimetupwa pwani usiku, boti gani inajaza abiria kupita kiasi.

Kilichokosekana ni njia ya kulitoa neno hapo barazani likafika kwenye meza ambako pesa zinagawanywa, likiwa bado na umbo lake.

Wako wanaosema tusijisumbue, mji huu una wazee. Ni kweli, na zamani zaidi Amu ilijitawala kwa baraza la wazee, mji ukigawanyika pande mbili, Zena na Suudi. Lakini tusiipambe historia hiyo. Lilikuwa baraza la wenye nasaba. Mtumwa hakuwa na kiti, wala mwanamke, wala aliyekuja juzi na msimu. Sauti ya wazee na sauti ya mtaa ni vitu viwili, na mara nyingi vinachanganywa kwa makusudi.

## Sheria imeacha mlango

Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inawapa wakazi wa mji haki ya kukutana katika jukwaa lao na kutoa mapendekezo kuhusu huduma, mipango ya maendeleo na makadirio ya bajeti, na hata kufuatilia mienendo ya wanaoendesha mji, wajumbe wa bodi wakiwemo. Haki hiyo ni ya wakazi wenyewe, si ya afisi.

Kuna kipengele kingine ambacho hakisemwi sana. Bodi ya manispaa ina watu 9, na baada ya marekebisho ya 2019 wanne kati yao hupendekezwa na makundi: wanataaluma, wafanyabiashara, sekta isiyo rasmi, na mashirika ya mitaa yaliyosajiliwa. Gavana ndiye anayewateua na bunge la kaunti huidhinisha, lakini jina hutoka kwa kundi.

Yaliyosajiliwa. Neno hilo ndilo linalofunga mlango.

Mtaa usio na cheti hauna wa kumpendekeza. Inayotakiwa si kazi kubwa: katiba fupi ya kundi, kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha, orodha ya wanachama na nambari za vitambulisho, viongozi waliochaguliwa. Wengine hupitia Sheria ya Vyama, wengine hujisajili kama kundi la jamii kwenye afisi ya maendeleo ya jamii. Kinachowashinda watu ni kumbukumbu. Mkutano unafanyika, watu wanakubaliana, na hakuna aliyeandika nani alichaguliwa na kwa kura ngapi. Mwezi mmoja baadaye kuna wenyekiti wawili.

## Mlango usio wake

Malalamiko mengi ya mtaa hufa kwa kupelekwa kwa mtu asiyehusika.

Chifu ni wa serikali ya kitaifa. Mzee wa mtaa anafanya kazi chini ya chifu, na Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani wa kulinda usalama, pia iko upande huo. Mfereji, taa za barabarani, taka, soko, chekechea, zimamoto na gati za boti za abiria ni kazi za kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba. Msimamizi wa wadi ni wa kaunti. Shule ya msingi, polisi na vitambulisho vinarudi tena serikali ya kitaifa.

Basi mtu anasimama mbele ya chifu na kulia juu ya taka kwa dakika kumi. Chifu, kwa adabu, anaitikia. Anayaandika hata. Kisha hayaendi popote, kwa sababu bajeti ya taka haiko kwenye nyumba yake.

Mji mkongwe una tata yake ya ziada. Umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukitaka kufukua kichochoro, Makavazi ya Kitaifa nao wana neno. Ombi la mfereji lisilotaja hilo linarudishwa, au mbaya zaidi linakubaliwa kisha fundi anasimamishwa kazi ikiwa nusu, na shimo linabaki wazi.

Kazi ya kwanza ya baraza la mtaa, kabla ya hotuba yoyote, ni kupanga malalamiko kwa milango. Hili la nani? Meza mbili tu: kaunti, taifa. Nusu ya hasira huisha hapo.

## Mkuku na tanga

Nilipoanza kuiangalia kalenda ya bajeti ndipo shaka yangu ilipobadilika sura. Nilidhani watu hawasikilizwi. Niligundua kwamba mara nyingi wanaitwa wakati hakuna tena cha kusikilizwa.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Lakini mpango wa maendeleo wa mwaka huo hufikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, miezi kumi kabla. Taarifa ya sera ya fedha, inayoweka viwango vya juu vya kila idara, inafuata kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti yenyewe kufikia 30 Aprili. Na juu ya yote uko mpango wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027.

Mafundi wa vyombo wa Matondoni wangelieleza hili upesi kuliko mhasibu. Septemba ndipo mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, unapolazwa. Februari mbavu zimeshasimama. Aprili chombo kiko majini. Unaloweza kubadilisha ni rangi na tanga.

Na Aprili ndipo tunapoitwa kwa wingi.

Itazame kalenda hiyo kwa jicho la bahari. Februari ni kaskazi, bahari imetulia, wavuvi wako kazini. Kikao cha asubuhi mwezi huo kinawakuta walio nchi kavu tu. Aprili ni mvua za masika. Mpango wa Septemba unatayarishwa Julai na Agosti, kusi likiwa linavuma na vyombo vingi vimetulia, yaani wakati mzuri kabisa wa kuwakuta watu wa bahari nyumbani, na ndio wakati ambao mikutano huwa michache.

Mtaa usingoje kuitwa. Uitishe kikao chake mwezi Juni, uchague mambo matatu, uandike Julai, upeleke kabla Agosti haijafika kati.

## Mambo matatu

Si ishirini na saba.

Orodha ndefu ni zawadi kwa anayetaka kukukwepa: atachagua jepesi, atapaka rangi kibanda, ataandika kuwa maoni ya wananchi yalizingatiwa. Mambo matatu, yakipangwa la kwanza, la pili na la tatu kwa kura ya wazi, yanamfunga aliyeyapokea.

Kila jambo lipate ukurasa mmoja. Tuchukue mfereji. "Mfereji wa Langoni ni mbovu" si pendekezo, ni kilio. Pendekezo linasema unaanzia wapi na kuishia wapi, kwa alama ambazo hazihami: msikiti, kisima, kona. Linasema urefu kwa mita, uliopimwa na watu wawili kwa tepu ya fundi, si kwa hatua. Linasema upana na kina mahali pabaya zaidi. Linasema maji yanasimama lini: kila siku, baada ya mvua, au bahari ikijaa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Hilo la bamvua si pambo. Mfereji unaofurika baada ya mvua mara nyingi una taka au umeziba. Dawa yake ni kuzibuliwa na kufunikwa. Mfereji unaofurika bamvua bila mvua una mdomo ulio chini ya maji yanapojaa. Ukiuzibua kila wiki bado utafurika, kwa sababu bahari inapanda ndani yake. Gharama ni tofauti, fundi ni tofauti. Mhandisi wa kaunti akija siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana, ataona mfereji mkavu na kuandika kuwa hakuna tatizo. Anayeyajua haya ni mtu wa mtaa, na hapa ndipo baraza la ushauri linapokuwa na kitu ambacho afisi haina.

Piga picha tatu, ziandikwe tarehe na saa. Taja nyumba zinazoguswa ni ngapi, kwa kuhesabu milango. Taja afisi inayohusika. Usitaje bei kama hujapewa na fundi kwa maandishi; bei ya kubuni ndiyo kamba ya kwanza watakayokunyongea nayo.

Barua iandikwe kwa Kiswahili. Katiba, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hivyo hakuna afisi inayoweza kuikataa kwa lugha yake. Ingefaa mtaa nao udai muhtasari wa bajeti kwa Kiswahili. Kitabu cha mamia ya kurasa kwa Kiingereza, kilichogawiwa mlangoni asubuhi ya mkutano, hakisomwi na yeyote, wakiwemo wanaojua Kiingereza.

Nakala mbili. Moja inabaki afisini, ya pili inarudi na mhuri na tarehe. Bila mhuri, barua hiyo haikwenda.

## Mji wa mbali

Los Angeles, mji wa watu karibu milioni 4 nchini Marekani, ulibadilisha katiba yake ya mji kwa kura ya 1999 na kuyapa nafasi mabaraza ya mitaa. Leo yako 99. Ni ya ushauri tu, kama haya tunayoyazungumza. Hayaamui kitu.

Lakini kuna vitu viwili walivyovifunga vizuri. Mji lazima uyaarifu mabaraza mapema kabla ya kuamua. Na baraza likipiga kura juu ya hoja iliyo mbele ya madiwani, linaweza kuandika taarifa yake ya athari kwa jamii, ikaingizwa ndani ya faili ya hoja hiyo. Diwani akifungua faili, anaikuta. Mwandishi wa habari akiifungua miaka mitano baadaye, anaikuta.

Nayo mabaraza yenyewe yamebanwa: ajenda ya kikao cha kawaida hubandikwa hadharani saa 72 kabla, na jambo lisilo kwenye ajenda halipigiwi kura. Mtu anaweza kuona huo ni usumbufu. Kwangu ndio ufundi wote. Baraza linalotaka serikali ijieleze halina budi lijieleze kwanza.

Ugonjwa wao pia unajulikana: viti vimejaa wenye nyumba kuliko wapangaji.

## Kwasasi

Anayesema karatasi hazina nguvu aangalie kilichotokea kuhusu kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi, katika kaunti hii ya Lamu, cha megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa 2016. Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likaifuta, na mojawapo ya sababu kubwa ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo.

Mikutano ilikuwepo. Watu walihudhuria. Jopo liliona kwamba vikao vilivyotajwa vilikuwa vya utangulizi, vilivyofanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika, na kwamba wakazi hawakupewa nafasi ya kutoa maoni juu ya utafiti wenyewe.

Soma tena hapo. Kuhudhuria kulikuwepo, kushirikishwa hakukuwepo. Tofauti ilikuwa ni kile kilichokuwa mezani siku ile, na tarehe.

Ndiyo sababu ile karatasi isiyo na kichwa inatisha. Kabla ya sahihi, kichwa kiandikwe: mkutano wa nini, tarehe gani, hati gani imejadiliwa. Kikikataliwa kuandikwa, andika mbele ya jina lako "nimehudhuria, sikupewa hati". Na mmoja wa baraza aipige picha karatasi nzima kabla haijarudi mbele, kisha aitunze asiisambaze, maana ina vitambulisho na simu za watu.

## Mtaa ni wa nani

Hapa sina uhakika, na sidhani nitaupata.

Hamali anayeshusha mizigo Langoni tangu alfajiri hadi Magharibi, lakini analala mtaa wa Kandahari: ana kura Langoni? Mwenye punda? Mpangaji wa mwaka wa pili kutoka bara? Mwenye nyumba ya ghorofa mbili anayeishi ng'ambo na kuja Desemba? Los Angeles walijibu kwa kuwahesabu wote, anayeishi, anayefanya kazi na mwenye mali. Mji wenye vichochoro vya upana wa punda mmoja, ambao kila mtu anajua babu ya mwenzake, hauwezi kulijibu hilo bila ugomvi.

Nikilazimishwa, ningegawa viti kwa vipande vya mtaa badala ya koo. Watu 9: kila kipande na wake, viti viwili vya wanaofanya kazi mtaani bila kulala hapo, na wanawake wasipungue watatu, wakiwezekana wanne, maana mmoja peke yake hunyamazishwa. Muda miaka miwili. Anayetaka udiwani ajiuzulu miezi sita kabla. Baraza likishakuwa ngazi ya uchaguzi, nusu ya mtaa haitarudi.

Kikao kiwe baada ya Alasiri, kimalizike kabla ya Magharibi. Mkunguni, ule uwanja wa mbele ya ngome, ni pazuri kwa wanaume, lakini wanawake wengi hawatakaa pale wakasema. Kikao chao kifanywe mahali pao, siku nyingine, na maamuzi yake yahesabiwe sawa, yasiitwe "maoni ya akina mama" na kubandikwa mwishoni.

Nauli je? Posho ya kikao ni mtego wenye sura ya huruma. Pakiwa na shilingi mia tano, baada ya vikao vitatu utawakuta watu walewale, wameshajua ratiba ya kila shirika. Pasipokuwa na kitu, aliyeacha kibarua chake haji. Ningelipa chakula na nauli ya boti kwa anayetoka mbali, kwa risiti, basi.

Na baraza lisishike pesa za mradi. Likishashika, atakayelikagua ni nani?

## Siku ya 21

Barua imekwenda, mhuri upo, kimya.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Hakuna ada ya kuomba. Unaloweza kudaiwa ni gharama ya nakala. Usiulize "mbona hamtusikilizi". Uliza kinachojibika: je, mfereji wa kutoka kona hii hadi kisima kile umo katika mpango wa maendeleo wa mwaka ujao? Kama umo, ni kwa kiasi gani? Kama haumo, kumbukumbu za kikao kilichouacha ziko wapi?

Siku zikipita bila jibu, sheria inakuhesabu umekataliwa. Hapo mtaa una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, kuomba uamuzi upitiwe upya. Njia ya ombi rasmi kwa bunge la kaunti nayo iko wazi, kupitia kwa karani wa bunge.

Kwa hiyo daftari la mtaa liwe na safu nne: barua, tarehe ya mhuri, siku ya 21, jibu. Anayelishika asiwe mwenyekiti. Na asubuhi ya siku ya 22, kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, barua ya pili iwe imeshaandikwa.